Kazi ya Feriti ni Kukurupusha

Watu wengi wakimwona feriti kwa mara ya kwanza, mnyama huyu mrefu mwembamba wa jamii ya vicheche, na wakaambiwa kwamba anatumika kuwindia sungura, hudhani kwamba anaingia shimoni, anaua, kisha anamburuta sungura hadi nje. Sivyo. Kazi yake ni kukurupusha. Anaingia, sungura ananusa harufu yake, anatafuta mlango wa kutokea, anachomoka, na huko nje anakuta wavu. Feriti anayeua chini ya ardhi amekuharibia siku: atakula ashibe, atalala ubavuni mwa mzoga, na wewe utabaki juu na beleshi. Baada ya miaka ya kuwafuga, kuwazalisha na kuwapeleka mashimoni, nimeona kwamba kila uamuzi wa mfugaji unaweza kupimwa kwa swali moja tu: je, hili litamsaidia feriti wangu akurupushe, au litamfanya aue?

Wala si jambo la kugunduliwa jana. Strabo, mwanajiografia wa Kigiriki aliyeishi zama za Augustus na Tiberius, makaisari wa Roma, anaeleza jinsi watu wa Iberia walivyofuga kwa makusudi wanyama wa aina ya kicheche kutoka Libya, wakawafunga midomo na kuwaingiza kwenye mashimo ya sungura. Wanyama hao ama waliwavuta sungura nje kwa kucha, ama waliwalazimisha kukimbilia juu ambako wawindaji walikuwa wamesimama wakingoja. Plinio, mwandishi wa Kirumi, naye anasimulia kwamba wakazi wa visiwa vya Baleari walizidiwa na sungura hadi wakamwomba Augustus awape askari wa kuwasaidia. Hata Uingereza, sheria ya mwaka 1390 ilimkataza mtu wa kawaida asiye na ardhi ya kumpa shilingi 40 kwa mwaka asifuge feriti, maana mnyama huyu mdogo aliweza kumlisha maskini kwa sungura wa tajiri. Ninayapenda maelezo ya Strabo kwa sababu yanaonyesha kwamba hata wale wa kale walishaelewa: mdomo ulifungwa ili mnyama afukuze, asile.

Siku hizi karibu hakuna anayewafunga midomo, na mimi siungi mkono desturi hiyo. Feriti aliyefungwa mdomo akikutana na panya mkubwa, au na sungura dume anayepiga teke, hana cha kujitetea nacho. Akipotea humo ndani, atakufa kwa njaa na kiu. Zipo njia bora za kumzuia asiue, na zote zinaanzia bandani, tena miezi mingi kabla ya msimu.

Njia ya kwanza ni kuchagua mnyama. Feriti wa kufugwa, Mustela furo, ametokana na kicheche wa Ulaya, na ameishi na binadamu kwa zaidi ya miaka 2,000. Jike ana uzito wa kati ya gramu 600 na kilo 1; dume anaanzia kilo 1 na anaweza kufika kilo 2. Kwa kazi ya nyavu mimi nachagua jike, tena jike mdogo. Anapita katikati ya macho ya wavu bila kuuvuruga, anazunguka kwenye kona nyembamba, na hana nguvu ya kumkandamiza sungura mzima kwa urahisi, kwa hiyo anamsumbua, anamkwaruza makalio, hadi sungura anachoka na kuamua kutoka. Dume mkubwa akimfikia sungura kwenye njia isiyo na mlango, mara nyingi anamaliza mambo hapohapo. Zamani dume alikuwa na kazi yake maalumu: alifungwa kamba shingoni na kutumwa amtafute jike aliyekwama, na wachimbaji waliifuata kamba ile. Kola za redio, zinazoonyesha feriti yuko wapi chini ya ardhi, zimeiua kazi hiyo, na sioni cha kusikitikia.

Rangi haimpi feriti akili. Wapo weusi wenye barakoa usoni, wapo wa rangi ya mchanga, wapo weupe wenye macho mekundu. Hata hivyo napenda mweupe kwa sababu moja ya wazi: akitokea mlango wa mbali, ndani ya kichaka, nitamwona. Mweusi kwenye majani makavu anakupita hatua tano tu bila wewe kujua.

Ukali nao hauna faida yoyote. Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaoamini kwamba feriti asiyeshikwashikwa anabaki na hamu ya kuwinda. Hamu amezaliwa nayo. Anachokosa feriti asiyeshikwa ni imani kwa mkono wako, na mkono wako ndio utakaomtoa shimoni. Naanza kuwagusa watoto mara wanapofumbua macho, katika wiki ya nne au ya tano. Umri huo wanatafuna kila kitu, na njia ninayoiamini ni kuwapelekea ngumi iliyofumbwa vizuri, mgongo wa mkono ukiwa mbele. Ngozi ya vifundo ikiwa imekazwa, meno hayapati pa kushika. Mtoto anateleza, anajaribu tena, halafu anaanza kulamba. Baada ya siku chache anaiona ngumi ile na kuja kulala juu yake. Akikung'ata, usivute mkono ghafla. Ukivuta, umemfundisha kwamba jino linaondoa mkono, na somo hilo hatalisahau. Glavu nazo huwa naziacha ukutani, kwa sababu zinakufanya umshike kwa nguvu kuliko inavyohitajika na yeye haonji harufu yako.

Wakifika wiki nane hivi nawatandazia vipande vya bomba la plastiki uwanjani, vinavyowatosha kupita bila kubanwa. Wanaingia upande huu na kutokea upande ule huku wakitoa sauti ile ya kudonadona wanayoitoa wakiwa na furaha. Ninachowafundisha hapo si kuingia, maana kuingia hakuna anayewafundisha. Nawafundisha kutoka. Mtoto akichungulia mwisho wa bomba simnyakui. Namngoja atoe mwili wote, nashusha mkono taratibu, namwinua kwa kumshika nyuma ya mabega, nampa kipande cha nyama, kisha namrudisha acheze tena. Kunyakua ndiko kunakozalisha yule feriti anayesumbua kuliko wote: yule anayechungulia mlangoni mwa shimo, anakuona, anarudi ndani, anachungulia tena, na jua linazama. Amejifunza kwamba kila akitoa kichwa, mkono unamkamata na mchezo unaisha.

Chakula kinafuata hapo hapo. Feriti ni mla nyama asiye na mbadala. Utumbo wake ni mfupi na chakula kinapita kwa saa tatu au nne tu, kwa hiyo hawezi kunufaika na nafaka wala mboga. Vizazi vingi vya wafugaji viliwapa feriti mkate uliolowekwa kwenye maziwa, na wanyama wengi walikuwa na mharo wa kudumu, mifupa dhaifu na umri mfupi, mambo ambayo watu waliyaona ni maumbile yao. Wangu wanakula sungura mzima: nyama, mfupa, ini, na manyoya yake. Mfupa unawasafisha meno. Sungura aliyeuawa kwa bunduki ya marisasi simpi, kwa kuwa vipande vya risasi hubaki katika nyama. Tena watoto nawaonjesha nyama za aina mbalimbali mapema, kwa sababu ladha anayoizoea feriti katika miezi ya mwanzo ndiyo anayoitambua kuwa chakula. Akishakua, ukimletea kitu kigeni atakipita tu.

Na siku ya kuwinda je? Kuna wanaomshindisha feriti na njaa ili awe na ari. Fikiria swali letu. Mwenye njaa akimkuta sungura anataka kula, na ili ale lazima aue. Aliyeshiba sana naye anatafuta kona ya kulala. Wangu wanapata mlo wao wa kawaida jioni, asubuhi kipande kidogo tu, na wakifanya kazi mpaka mchana nawapa kidogo tena pamoja na maji. Feriti wa namna hiyo anaingia kwa udadisi, na udadisi ndio unaofukuza sungura.

Kuhusu banda sina mengi. Liwe kavu, lisipitiwe na upepo, liwe na sehemu ya kulala yenye giza na nyasi kavu, na liwe kivulini wakati wote. Feriti anachagua kona moja ya kujisaidia, anairudia kinyumenyume kila siku, na ukiisafisha kona hiyo kila siku malalamiko mengi ya harufu yanakwisha. Baridi anaivumilia vizuri akiwa na malazi makavu. Joto ndilo linalomuua. Hana uwezo wa kutoa jasho la kumpoza, na hewa ikizidi nyuzi 30 za Selsiasi anaweza kuanguka na kufa mchana mmoja. Sanduku la kubebea likiachwa ndani ya gari lililo juani ni jeneza, hata kama dirisha limefunguliwa kidogo.

Sasa uzalishaji, na hapa naomba msomaji anisikilize kwa makini, maana majike wengi wanakufa bure kwa wenye mioyo mizuri wasiojua jambo hili. Jike wa feriti anaingia kwenye joto, yaani hali ya kutaka kupandwa, mchana unapoanza kurefuka, mwishoni mwa majira ya baridi au mwanzoni mwa machipuo. Utaliona jambo lenyewe bila kutafuta: uke unavimba wazi. Sasa, jike huyu hatoi mayai hadi apandwe. Asipopandwa, joto haliishi. Linaendelea wiki baada ya wiki, na homoni ya estrojeni inabaki juu mwilini mwake. Homoni hiyo ikizidi inakandamiza uboho, yaani kiwanda cha damu ndani ya mifupa. Jike anapungukiwa damu, fizi zinapauka, manyoya yananyonyoka, miguu ya nyuma inalegea, na mwisho wake ni kifo. Kusema "simzalishi mwaka huu, namwacha tu" ni kumhukumu.

Njia za kumtoa kwenye joto zipo. Unaweza kumpandisha na dume mzima, kama kweli unataka watoto na una mahali pa kuwapeleka. Unaweza kumpandisha na dume aliyekatwa mirija ya mbegu: anapanda kama kawaida, jike anatoa mayai, anapata mimba ya uongo ya wiki sita hivi, na huenda akarudi kwenye joto baadaye mwaka huohuo. Daktari wa mifugo anaweza kumpa sindano ya homoni, au kumwekea chini ya ngozi kipandikizi cha dawa iitwayo deslorelini kinachozima joto kwa muda mrefu. Kumhasi kwa upasuaji nako kunasaidia, lakini kumehusishwa na ugonjwa wa tezi zilizo juu ya figo uzeeni, kwa hiyo zungumza na daktari kabla ya kuamua. Mwenye majike kadhaa na asiyetaka watoto kila mwaka, dume aliyekatwa mirija ndiye msaada wake mkubwa, na ndiyo njia ninayoitumia zaidi.

Kupandana kwenyewe kunatisha kwa asiyezoea. Dume anamng'ata jike shingoni, anamburuta huku na huko, na inaweza kuchukua saa nzima au zaidi. Usiwatenganishe. Mshtuko huo ni sehemu ya kinachomfanya jike atoe mayai. Baada ya wiki moja au mbili uvimbe unanywea, na ikiwa ameshika mimba, atazaa siku ya 41 au 42. Mzao wa kawaida ni watoto wanane hivi, ingawa wanaweza kuzidi kumi au wakawa wawili tu. Wanazaliwa vipofu, viziwi, na karibu hawana manyoya.

Katika siku hizo za mwanzo kazi yako ni kutofanya chochote. Mpe mama chakula kingi na maji, na usifunue kiota ili uhesabu watoto. Jike aliyesumbuliwa, hasa wa uzazi wa kwanza, anaweza kuwala. Nasikiliza tu: watoto walioshiba wana mlio mdogo unaopanda na kutulia, mlio usiokoma ni dalili ya baridi au maziwa kukosekana, na hapo ndipo ninapoingilia. Karibu na wiki ya tatu, wakiwa bado hawaoni, wanaanza kutambaa hadi kwenye nyama aliyoburuta mama yao. Anaivuta ndani yeye mwenyewe na kuiweka midomoni mwao. Usafi unakuwa muhimu kuliko wakati wowote, kwa kuwa nyama iliyofichwa kwenye kiota inaoza haraka, na wakati huo unaruhusiwa kuiondoa. Wiki ya sita hadi ya nane wanaachishwa.

Katika kuchagua wazazi narudi kwenye kipimo kilekile. Jike anayerudi mkononi bila kusitasita, anayeliacha shimo tupu ndani ya dakika chache bila kulichezea, na anayejua kumwacha sungura asiyeondoka ili atafute mwingine, huyo nataka mabinti zake. Jike anayelala na mizoga mara kwa mara simzalishi, hata awe mrembo kiasi gani. Na sizalishi kabla ya kujua watoto wanakwenda kwa nani. Mabanda ya kuokoa feriti yanajaa kila mwaka kwa sababu ya watu wanaozalisha kwanza na kufikiri baadaye.

Msimu wa kazi ni miezi ya baridi. Majani yamekufa na matundu yanaonekana, na sungura wengi hawana vitoto shimoni. Sababu hii ya pili ni nzito. Vitoto haviwezi kukimbia. Feriti akivikuta kwenye kiota, vitakufa vyote, naye atalala hapo. Sungura hubeba mimba kwa mwezi mmoja tu na wanazaa tena na tena, kwa hiyo machipuo yakianza mimi nafunga kazi.

Kabla ya kutoa feriti nalisoma shimo. Tundu linalotumika lina mdomo laini uliosuguliwa, udongo mpya umetawanyika, mavi ni mabichi, na hakuna utando wa buibui wala majani yaliyokusanyika mlangoni. Shimo la mbweha au la melesi, mnyama mchimbaji mwenye nguvu, simwingizi feriti kamwe. Nikilikubali, naanza kuweka nyavu upande ambao upepo unatoka shimoni kuja kwangu, na natembea kana kwamba kuna mgonjwa amelala chini. Sungura anasikia hatua kupitia udongo. Mazungumzo, kicheko, kudondosha beleshi, vyote vinamwambia abaki ndani, na sungura aliyeamua kubaki ndani ndiye anayeuawa ndani. Kelele zako za juu zinaweza kuharibu kazi ya feriti mzuri kuliko kosa lolote la kwake.

Wavu wa mfuko una pete mbili na kamba inayozunguka ukingoni, na kamba hiyo inafungwa kwenye kigingi. Naweka pete ya chini kwenye sakafu ya tundu, pete ya juu inalalia mdomo wa juu, natandaza pande zote hadi zifunike kingo, halafu nakazia kigingi ardhini kwa mkono, si kwa kugonga. Sungura akiingia kwa kasi, uzito wake mwenyewe unavuta kamba na mfuko unafunga. Majani na vijiti vyote vinavyoweza kushika wavu naviondoa. Kisha natafuta yale matundu ya siri: yapo chini ya mizizi, ndani ya miiba, mbali kidogo na mengine, na hayana udongo nje kwa sababu yalichimbwa kutoka ndani. Sungura anayajua yote. Tundu moja lisilo na wavu ndilo atakalolichagua.

Feriti anavaa kola yenye kirusha mawimbi kabla ya kutoka sandukuni. Najaribu kipokezi kila mara, na naangalia kwamba kola inabana kiasi cha kutotoka lakini haimkabi. Namwachia karibu na mlango aingie kwa miguu yake, simsukumi. Jike aliyezoea anasimama, ananusa, mkia unajaa manyoya kama brashi, halafu anapotea. Akinusa na kugeuka, namwamini yeye kuliko macho yangu, naondoa nyavu na kwenda mbele.

Halafu unangoja. Nasimama pembeni au nyuma ya matundu, kamwe si mbele yake, kwa sababu sungura huja hadi mlangoni na kutazama kabla ya kuamua. Kwanza unasikia mkanyago: kishindo kizito chini ya nyayo zako, sungura akiwaonya wenzake kwa mguu wa nyuma. Kisha mngurumo wa mbio unaopita chini, unaokaribia, na wavu unaruka. Hapo ndipo haraka inahitajika. Namshika sungura ndani ya wavu, naziba tundu kwa wavu wa akiba, na namuua papo hapo kwa kuivunja shingo kwa mvuto mmoja. Asiyejua kufanya hivyo kwa uhakika ajifunze kwa mjuzi kwanza, kwa mizoga, kabla ya kutega wavu wowote. Sungura hapaswi kuning'inia akilia wakati mtu anatafuta ujasiri.

Feriti akitoka mwenyewe baada ya kulimaliza shimo, namngoja atoke mzima, nampa mkono kama uwanjani. Asipotoka, bado sina haraka. Huenda anamshughulikia sungura aliyegeuza makalio kwenye kona isiyo na njia. Kipokezi kinaniambia yuko wapi na kwa kina gani. Vya kisasa vinasoma hadi kama mita 5. Ishara ikisogea, namwacha. Ikitulia mahali pamoja kwa muda mrefu, nachimba.

Kuchimba kuna adabu yake. Natafuta pale ishara inapokuwa na nguvu zaidi, nasoma kina, na nachimba shimo pana kuliko ninavyodhani nahitaji, maana shimo jembamba linakunyima nafasi ya kuinama. Nasoma tena kila baada ya muda. Kikibaki kina cha kiganja, beleshi linawekwa kando na mikono inaendelea, kwa kuwa chini ya udongo ule kuna mgongo wa mnyama ninayemtegemea. Paa la njia likitoboka unahisi hewa yenye uvuguvugu vidoleni. Mara nyingi feriti anajitokeza hapohapo na kucha zimejaa manyoya ya sungura, na mbele yake kuna sungura mmoja au zaidi wamejipanga wakiwa hai. Nikimaliza narudisha udongo wote na kuukanyaga. Mwenye shamba anapaswa kukuta ardhi yake kama alivyoiacha, na ng'ombe wake wasivunjike miguu.

Simwachi feriti nyuma. New Zealand ililetewa feriti miaka ya 1880 ili wapunguze sungura, wakaenea porini na kuanza kuwala ndege wa nchi hiyo, ambao wengi hutaga ardhini. Tangu 2002 kuwauza na kuwazalisha huko ni marufuku. California inawakataza kama wanyama wa nyumbani. Palipo na ruhusa, ruhusa hiyo inalindwa na mfugaji anayehesabu wanyama wake kabla ya kuondoka. Usiku ukiingia kabla hajatoka, nafunga matundu mengine, naacha sanduku lenye nyasi zake mlangoni na kipande cha nyama ndani, na kabla ya mapambazuko niko hapo.

Magonjwa mawili tu nitayataja. Distempa ya mbwa humuua karibu kila feriti anayeambukizwa, kwa hiyo muulize daktari wa mifugo kuhusu chanjo. Na mafua yetu sisi binadamu wanaambukizwa. Nikiwa nayo, mwingine anawalisha. Upande wa sungura, ugonjwa wa miksomatosi ulipofika Uingereza mwaka 1953 uliua karibu sungura wote, na kazi ya feriti ikawa kama imekufa nao. Ukikuta sungura wenye macho yaliyovimba na kufumba, feriti hadhuriki, lakini mashimo yatakuwa matupu, kwa kuwa wagonjwa hukaa juu.

Ukiniuliza uanze vipi, chukua majike wawili ndugu, wa wiki nane, kutoka kwa mama uliyemwona akifanya kazi. Wawili wanapashana joto na kuchezeana, na ukimpumzisha mmoja una mwingine. Usiwaingize shimoni kabla hawajafika miezi mitano hivi, na siku ya kwanza iwe kwenye shimo dogo la matundu machache lenye sungura kwa hakika. Wakishakurupusha mmoja au wawili, wafungie siku yao wakiwa bado wanataka kuendelea. Na usiharakishe kumhukumu. Jike aliyekuja kuwa bora kuliko wote niliowahi kuwafuga alipitisha msimu wake wa kwanza akiishia mlangoni, ananusa na kunirudia mkononi. Sikumlazimisha. Msimu wa pili aliniponyoka kwenye shimo la kwanza tu na kuingia kabla sijaweka wavu wa mwisho, nikawa nautega huku miguu ya sungura ikikanyaga chini yangu.